Tembo Walioitwa Shambani: Ethiopia, Somalia na Silaha za Kupewa

Kila inapozungumzwa Vita Baridi katika Afrika, methali ya kwanza kutajwa ni ile ya tembo wapiganao na nyasi ziumiazo. Methali hiyo ina ukweli wake, lakini katika Pembe ya Afrika imetumika kufunika jambo zito zaidi. Kati ya mwaka 1974 na 1991 tembo hawakuvamia shamba la Ethiopia na la Somalia kwa nguvu zao. Waliitwa, wakafunguliwa lango, na walioshika ufunguo walikuwa watawala wa Addis Ababa na Mogadishu wenyewe. Hoja yangu ni kwamba utawala wa kikomunisti wa Ethiopia haukuundwa na Moscow wala haukuvunjwa na Washington. Ulidumu kwa sababu silaha za kupewa zilimwondolea mtawala haja ya kupatana na watu wake, na ulianguka silaha hizo zilipokatika, kwa kuwa chini yake hapakuwa na mapatano yoyote ya kuushikilia.

Tuanze na ardhi, kwa kuwa mapinduzi yenyewe yalianzia huko. Februari 1965 wanafunzi wa chuo kikuu mjini Addis Ababa waliandamana hadi bungeni wakipaza sauti kwa Kiamhari, "Meret le arashu", yaani ardhi iwe ya anayeilima. Katika mikoa ya kusini, iliyotwaliwa na majeshi ya Menelik II mwishoni mwa karne ya 19, wakulima wengi walikuwa wapangaji katika mashamba waliyolima babu zao. Walimpelekea kabaila theluthi ya mavuno, mahali pengine nusu na hata zaidi, kisha wakamtumikia kwa kazi zisizo na ujira. Njaa ya mwaka 1973 katika mkoa wa Wollo, kaskazini mashariki, ilipoingia, na serikali ya Mfalme Haile Selassie ikajaribu kuificha, madai ya wanafunzi yakawa madai ya nchi nzima. Usiku wa Septemba 11, 1974, televisheni ya Ethiopia ilionyesha watu wa Wollo wakifa kwa njaa, na katikati ya picha hizo zikapachikwa picha za karamu za ikulu. Asubuhi yake maofisa wa jeshi walimsomea mfalme tamko la kumwondoa, wakampakia kwenye kiti cha nyuma cha gari dogo aina ya Volkswagen. Alikuwa mzee wa miaka 82 aliyetawala kwa zaidi ya miaka 40, na watu walioliona gari hilo likipita walimzomea wakimwita mwizi.

Hapakuwa na mkono wa Mrusi katika jambo hilo. Kamati ya wanajeshi iliyoshika madaraka, ile iliyojulikana kwa jina la Derg, ilikuwa na wajumbe zaidi ya mia moja waliochaguliwa na vikosi vyao, wengi wao maofisa wa ngazi za chini na askari wa kawaida. Jeshi lao lilikuwa limefunzwa na kupewa silaha na Marekani tangu mwaka 1953, na hata Mengistu Haile Mariam, ofisa aliyekuja kuiongoza Derg, alikuwa amepelekwa Marekani kwa mafunzo. Asmara kulikuwa na Kagnew, kituo kikubwa cha Wamarekani cha kunasa mawasiliano, ambacho ndicho kilichoifanya Washington iithamini Ethiopia kwa miaka ile yote. Kwa miaka miwili ya kwanza ya mapinduzi, Derg iliendelea kununua silaha kutoka Marekani huku redio ya taifa ikihubiri ujamaa.

Kisha ikaja amri ya Machi 4, 1975. Ardhi yote ya mashambani ilitaifishwa bila fidia. Familia moja iliruhusiwa kulima hekta zisizozidi 10. Kuuza, kupangisha na kuweka ardhi rehani kulipigwa marufuku. Na wakulima wakatakiwa kuunda vyama vyao vya kugawana mashamba. Maelfu kwa maelfu ya wanafunzi walipelekwa vijijini kueleza amri hiyo na kufundisha kusoma. Kwa siku chache Addis Ababa ilijaa watu wakishangilia barabarani, na kusini mwa nchi mpangaji alilala akiwa na deni la kabaila, akaamka hana. Sijui amri nyingine katika Afrika ya karne iliyopita iliyobadilisha maisha ya wakulima wengi kiasi hicho kwa mara moja. Nasisitiza kwamba ilikuwa amri ya Kiethiopia, iliyotokana na dai la Waethiopia, kabla Moscow haijaahidi hata bunduki moja.

Kwa hiyo palikuwa na mlango wa mapatano. Wanajeshi walikuwa wamewapa wakulima kitu walichokitaka kweli, na wakulima walikuwa tayari kuwaunga mkono. Lakini wanafunzi wale wale waliodai ardhi walikuwa pia wakidai serikali ya kiraia, na dai hilo la pili wanajeshi hawakutaka kulisikia. Chama cha Mapinduzi cha Watu wa Ethiopia, EPRP, kikaanza kupambana na Derg mijini, Derg ikajibu. Februari 1977 Mengistu aliwaua wenzake waliompinga ndani ya kamati, akiwemo mwenyekiti Teferi Bante, na Aprili mwaka huo akasimama katika uwanja mkuu wa Addis Ababa mbele ya umati, akavunja chupa zilizojaa kimiminika chekundu mfano wa damu, akisema hivyo ndivyo damu ya maadui wa mapinduzi itakavyomwagika. Uliofuata ni ule ambao serikali yenyewe iliuita Ugaidi Mwekundu. Kamati za mitaa, zinazoitwa kebele, zilipewa bunduki na ruhusa ya kuua, na asubuhi maiti za vijana zilikutwa barabarani zikiwa na makaratasi ya onyo vifuani. Zipo familia zilizosimulia kwamba zilidaiwa gharama ya risasi iliyomuua mtoto wao kabla ya kukabidhiwa maiti. Leo, karibu na uwanja ule ule, lipo jumba la makumbusho la wahanga hao, na ndani yake, nyuma ya vioo, yamepangwa mafuvu na mifupa iliyofukuliwa katika makaburi ya halaiki, pamoja na picha ndogo ndogo za pasipoti zilizojaa ukutani. Ni nyuso za watu wenye umri wa miaka 17, 20, 22. Wengi wao walikuwa Wamaksi waliosoma vitabu vile vile walivyosoma waliowaua.

Serikali inayoua vijana wake wasomi hubaki na njia mbili: irudi nyuma itafute suluhu, au itafute nguvu kutoka nje. Mengistu alichagua ya pili, na wakati ule madola makubwa yalikuwa yakigombania kila bandari ya Bahari ya Shamu. Desemba 1976 Derg ilikuwa imekwishafikia mapatano ya siri ya silaha na Umoja wa Kisovieti. Februari 1977 Rais Jimmy Carter alitangaza kupunguza misaada ya kijeshi kwa Ethiopia kwa sababu ya ukiukwaji wa haki za binadamu. Aprili Mengistu akafunga Kagnew na ofisi nyingine za Marekani. Mei akawa Moscow. Haikuchukua nusu mwaka.

Tatizo la Moscow lilikuwa kwamba tayari ilikuwa na rafiki katika eneo hilo. Siad Barre, aliyetwaa madaraka Somalia Oktoba 1969, alitangaza ujamaa wa kisayansi mwaka uliofuata, na Julai 1974 akatia saini mkataba wa urafiki na Wasovieti. Bandari ya Berbera ilipata gati, ghala za makombora na uwanja wa ndege wenye njia ndefu. Jeshi la Somalia likapata vifaru na ndege za MiG. Haki isemwe, utawala wa Siad Barre ulifanya pia jambo ambalo Wasomali wanalisifu hadi leo: mwaka 1972 ulirasimisha maandishi ya Kisomali kwa herufi za Kilatini, na ukapeleka vijana vijijini kuwafundisha watu kusoma lugha yao. Lakini bendera ya Somalia ina nyota yenye ncha tano, na kila ncha ni eneo wanamoishi Wasomali. Ncha mbili zilikuwa zimekwishaungana kuwa Jamhuri ya Somalia. Zilizobaki ni Djibuti, Ogaden iliyo ndani ya Ethiopia, na wilaya za kaskazini mashariki mwa Kenya.

Machi 1977 Fidel Castro aliwakutanisha Mengistu na Siad Barre mjini Aden, akawapendekezea shirikisho la nchi za kijamaa za Pembe ya Afrika. Ilikuwa hoja nzuri ya kitabuni: wote wawili ni wajamaa, wote wanasema mipaka ni kazi ya mabeberu na makabaila, basi waunganishwe. Mkutano ulivunjika bila mapatano, kwa sababu Siad Barre alitaka Ogaden wala hakutaka shirikisho, na Mengistu asingeweza kuiachia Ogaden halafu akabaki madarakani hata kwa wiki moja. Hapa ndipo inapoonekana jinsi itikadi ilivyokuwa nyepesi mbele ya swali la ardhi na mipaka. Julai 1977 majeshi ya Somalia yaliingia Ogaden kwa wingi. Septemba yaliuteka mji wa Jijiga, yakasonga kuelekea Harar. Nchi mbili zilizoapa kwa jina la Lenin zilikuwa vitani, na mwanzoni Moscow ilikuwa na wataalamu wa kijeshi katika pande zote mbili.

Siad Barre alicheza kamari kwamba Wamarekani wangemkaribisha. Walikuwa wamempa dalili za kukubali kumuuzia silaha za kujihami, kisha wakasita walipoona jeshi lake ndilo lililovuka mpaka. Novemba 13, 1977, alivunja mkataba wake na Wasovieti na kuwafukuza. Siku chache baadaye ndege za mizigo za Kisovieti zilianza kushusha vifaru, mizinga na risasi Ethiopia usiku na mchana, shehena iliyokadiriwa kufikia thamani ya dola bilioni moja. Wakaja askari wa Cuba wapatao 15,000, na mpango wa vita ukawa chini ya Jenerali wa Kisovieti Vasily Petrov. Badala ya kupita katika njia nyembamba ya milimani iliyolindwa na Wasomali, helikopta zilibeba magari ya deraya zikayatua nyuma ya adui. Jijiga ilikombolewa Machi 5, 1978, na siku nne baadaye Siad Barre akatangaza kuondoa majeshi yake.

Wakenya wana sababu yao ya kukumbuka vita hivyo. Serikali ya Mzee Kenyatta ilikuwa rafiki wa karibu wa nchi za Magharibi, na hakuna aliyeweza kuishuku kwa ukomunisti. Hata hivyo, katika vita vya Ogaden ilisimama upande wa Mengistu bila kusitasita, hata ikailazimisha ndege ya Misri iliyobeba silaha za kwenda Somalia itue Nairobi. Nairobi ilikuwa na mkataba wa ulinzi na Ethiopia tangu wakati wa uhuru, na ilikuwa imepigana na mashifta, waasi waliotaka kujiunga na Somalia, kaskazini mashariki kuanzia 1963 hadi 1967 kwa sababu ya ncha ile ya tano ya nyota. Mkomunisti mwenye mpaka mmoja nawe alikuwa na manufaa kuliko rafiki wa Magharibi anayedai sehemu ya ardhi yako. Hii ndiyo maana nasema ramani ya Vita Baridi inayogawa Afrika kwa rangi mbili, nyekundu na buluu, haiwezi kueleza mambo ya Pembe ya Afrika.

Huko Washington vita hivyo vilihesabiwa kwa namna nyingine. Zbigniew Brzezinski, mshauri wa usalama wa Carter, aliandika baadaye kwamba makubaliano ya SALT ya kudhibiti silaha za nyuklia yalizikwa katika mchanga wa Ogaden. Lakini kilichozikwa huko zaidi, kwa maoni yangu, ni mapatano ya ndani ya Ethiopia. Kabla ya ushindi wa Jijiga, Mengistu alikuwa mtawala aliyezingirwa, na mtawala aliyezingirwa husikiliza. Baada ya ushindi akawa na jeshi ambalo lingeendelea kukua kutoka askari wasiofika 50,000 wa zama za mfalme hadi takriban nusu milioni, kubwa kuliko lolote kusini mwa Sahara, lililovishwa na kupewa silaha na watu wengine. Aligeuza vifaru hivyo vikaelekea Eritrea, ambako vita vya kudai uhuru vilikuwa vikiendelea tangu 1961. Suala la Eritrea lingeweza kujadiliwa. Waeritrea wenyewe walikuwa wamewahi kuwa katika shirikisho na Ethiopia kuanzia 1952 hadi mfalme alipolivunja mwaka 1962. Lakini kwa nini ujadiliane wakati kila meli inayotia nanga katika bandari ya Assab inakuletea silaha usizozilipia leo?

Uhusiano na mkulima nao uliharibika vivyo hivyo, polepole zaidi lakini kwa kina. Aliyepewa ardhi mwaka 1975 alianza kunyang'anywa mavuno. Shirika la serikali la kununua nafaka lilimpangia kiwango cha kuuza kwa bei ya chini ya ile ya soko, na ikiwa mvua haikunyesha akalazimika kununua nafaka sokoni kwa bei ya juu ili atimize kiwango hicho. Mashamba makubwa ya serikali, yaliyolima sehemu ndogo sana ya ardhi ya nchi, yalimeza sehemu kubwa ya mikopo, mbolea na mbegu bora. Vijana waliandikishwa jeshini kwa nguvu, wakikamatwa hata sokoni. Kisha watu wakahamishwa kwenye vijiji vipya vilivyopangwa kwa mistari, mbali na mashamba yao. Msomaji wa Tanzania aliyeona Operesheni Vijiji ya miaka ya 1970 atalitambua jambo hili bila kuelezwa, ila Ethiopia lilifanyika katikati ya vita na kwa mamilioni ya watu.

Septemba 1984, mapinduzi yalipotimiza miaka kumi, Addis Ababa ilipambwa. Sanamu ya Lenin ilikuwa imekwishasimama katikati ya jiji, mnara wa Tiglachin ulizinduliwa kwa msaada wa Korea Kaskazini kuwakumbuka Waethiopia na Wacuba waliokufa Ogaden, na Chama cha Wafanyakazi cha Ethiopia kikazaliwa rasmi, miaka kumi baada ya mapinduzi ambayo kilidai kuyaongoza. Mwezi mmoja baadaye dunia iliona picha za Korem, mji wa kaskazini uliokumbwa na njaa: alfajiri, ukungu umetanda uwandani, na maelfu ya watu waliofunikwa mashuka ya pamba wameketi wakingoja chakula ambacho hakikuwatosha. Waliokufa katika njaa hiyo wanakadiriwa kuwa kati ya 400,000 na milioni moja. Marekani ilileta nafaka nyingi kuliko nchi yoyote. Umoja wa Kisovieti ulileta malori na ndege, na baadhi ya ndege hizo zilitumika kuwahamisha watu wa kaskazini, wapatao 600,000 kwa jumla, kuwapeleka kusini magharibi katika mpango wa makazi mapya ambamo wengi walifia njiani au kwa malaria. Ukame ulikuwepo, lakini vita ndivyo vilivyougeuza kuwa maangamizi, kwa sababu serikali iliyapiga masoko mabomu na kuzuia chakula kisifike katika maeneo ya waasi.

Na waasi hao walikuwa nani? Hapa ndipo hadithi ya kawaida ya ukomunisti kushindwa na ubepari inapokwama kabisa. EPLF, harakati ya ukombozi wa watu wa Eritrea, ililelewa katika fikra za Kimaksi. Wale wa mkoa wa Tigray, harakati ya ukombozi iitwayo TPLF, waliounda jeshi lao Februari 1975, walikuwa na ndani yao Umoja wa Kimaksi-Kilenini wa Tigray, ulioisifu Albania ya Enver Hoxha na kuwaona Wasovieti kuwa wasaliti wa ukomunisti. Walisoma vitabu vile vile alivyovisoma Mengistu, na wakavisoma kwa makini kuliko yeye. Tofauti ni kwamba hawakuwa na mfadhili mkubwa wa kuwaletea silaha. Kwa hiyo walilazimika kumwomba mkulima chakula, mtoto wake na siri yake, na anayeomba hulazimika kusikiliza. Vijijini Tigray ziliundwa baraza za watu, baito, zilizogawa ardhi upya na kuruhusu wanawake wapate mashamba. Silaha waliziteka kutoka kwa jeshi la serikali, na ndiyo maana utawala wa Mengistu ulikuja kupigwa kwa mizinga na vifaru vilivyotoka viwanda vile vile vya Kisovieti.

Pigo kubwa lilikuwa Afabet, Machi 1988. Kwa siku chache tu EPLF ilivunja kamandi nzima ya jeshi la Ethiopia huko Eritrea na kuwakamata maofisa watatu wa Kisovieti. Mengistu akahitaji askari upesi, na askari waliobaki walikuwa wamewekwa Ogaden kumlinda dhidi ya Siad Barre. Aprili mwaka huo maadui hao wawili walipatana. Walirudisha uhusiano wa kibalozi, kila mmoja akaahidi kutowasaidia waasi wa mwenzake, na majeshi yakaondoka mpakani. Makumi ya maelfu walikuwa wamekufa kwa ajili ya mpaka huo miaka kumi nyuma. Sasa ulitulizwa kwa karatasi, kwa sababu kila mmoja alihitaji mikono yake yote ili kuwapiga raia wake.

Mapatano hayo yalikuwa na gharama yake, na walioilipa ni watu wa Hargeisa, mji mkubwa wa kaskazini mwa Somalia. Waasi wa Kisomali wa chama cha SNM, waliokuwa wakijificha Ethiopia, walijua sasa watafukuzwa, wakavuka mpaka Mei 1988 na kushambulia Burao na Hargeisa. Siad Barre alijibu kwa kuulipua mji wake mwenyewe. Ndege zilipaa kutoka uwanja wa Hargeisa, zikageuka angani, zikamwaga mabomu juu ya Hargeisa, zikarudi kutua pale pale. Mamia kwa maelfu ya watu walikimbia kwa miguu kuingia Ethiopia, na huko Hartisheik, karibu na Jijiga, likazuka mojawapo ya makambi makubwa ya wakimbizi duniani. Wasomali waliotumwa mwaka 1977 kuikomboa Jijiga kutoka kwa Waethiopia walikuwa sasa wakienda Jijiga kuomba hifadhi dhidi ya serikali yao. Kumbukumbu ya mashambulizi hayo ya 1988 imesimama katikati ya Hargeisa: ni ndege halisi ya MiG, moja ya zile za Kisovieti, iliyowekwa juu ya jukwaa. Wakati huo Siad Barre alikuwa rafiki wa Marekani, iliyopewa ruhusa ya kutumia Berbera tangu 1980. Mfadhili alibadilika, rubani na bomu havikubadilika.

Mwisho ulikuja haraka. Mikhail Gorbachev alimwarifu Mengistu kwamba mkataba wa silaha hautaendelea. Wacuba waliondoka mwaka 1989. Mei mwaka huo huo, Mengistu akiwa ziarani Ujerumani Mashariki, majenerali wake walijaribu kumpindua wakashindwa, na kwa kuwaua alilikata jeshi kichwa. Miezi sita baadaye Ukuta wa Berlin ulivunjwa, na mwenyeji wa ziara ile hakuwa tena madarakani. Februari 1990 bandari ya Massawa, huko Eritrea, iliangukia mikononi mwa EPLF. Machi mwaka huo Mengistu alitangaza kuachana na Umaksi-Ulenini, akaruhusu biashara binafsi na soko huru la nafaka, na ndani ya miezi michache wakulima katika sehemu nyingi za nchi walivunja vyama vya ushirika walivyolazimishwa kuingia, wakagawana ng'ombe na majembe, wakang'oa mapaa ya nyumba za vijiji vipya na kurudi kwenye mashamba yao. Sidhani kuna kura ya maoni iliyowahi kuhesabiwa kwa uaminifu kuliko hiyo. Mei 21, 1991, Mengistu alipanda ndege kupitia Nairobi hadi Harare. Haikupita wiki, sanamu ya Lenin ikavutwa chini, na Mei 28 wapiganaji waliotoka kaskazini, wengi wamevaa kaptula na ndala, wakaingia Addis Ababa juu ya vifaru. Siad Barre alikuwa amekwishakimbia Mogadishu mwezi Januari. Bendera ya Umoja wa Kisovieti ilishushwa Kremlin Desemba 25. Hivyo wale wafuasi wawili waliogombaniwa mwaka 1977 walianguka wote kabla ya bwana wao wa zamani.

Wapo wanaoona ushahidi huu kuwa unathibitisha jambo moja tu, yaani kwamba ukomunisti hauwezekani. Sikubaliani na haraka hiyo, kwa sababu tawala za kikomunisti hazikuanguka zote. China ilianza kuwarudishia wakulima mashamba yao kwa mikataba ya kaya mwishoni mwa miaka ya 1970. Vietnam, iliyotegemea msaada wa Kisovieti kwa kiasi kikubwa sana, ilifanya vivyo hivyo mwaka 1988, miaka mitatu kabla msaada huo haujakatika, na chama chake kipo madarakani hadi sasa. Rais Najibullah wa Afghanistan, aliyekuwa na jeshi na silaha lakini hakuungwa mkono mashambani, alidumu miezi michache tu baada ya Moscow kusitisha misaada, akaanguka Aprili 1992. Cuba haiingii sawasawa katika hesabu hii, nami siwezi kuilazimisha iingie. Ilipoteza ruzuku yake ikateseka kwa njaa ya kimyakimya, lakini haikuanguka. Hata hivyo, mapinduzi yake yalikuwa yake mwenyewe, na jeshi lake halikuwa likipigana na robo ya nchi yake. Mengistu alifanya mwaka 1990 kile ambacho Wavietnam walikifanya 1988, ila aliwafanyia wakulima ambao watoto wao walikuwa wamekwishafia Afabet.

Wala siwasafishi Wasovieti na Wamarekani. Walijua silaha zao zilikuwa zikitumika kwa nani, na ripoti za mabalozi wao zilikuwa zikiwafikia. Lakini kuwabebesha wao lawama yote ni kuwapunguzia Mengistu na Siad Barre mzigo wao, na ni kuwanyima heshima wale vijana wa Addis Ababa na wale wakulima wa Tigray na Eritrea ambao hawakuwa nyasi za kukanyagwa tu. Walikuwa na madai yanayoeleweka, na madai hayo yalijibiwa kwa risasi zilizotengenezwa mbali.

Waliomshinda Mengistu walipoandika katiba mpya ya Ethiopia, iliyoanza kutumika mwaka 1995, walifuta karibu kila kitu cha utawala wake: chama kimoja, jina la nchi, bendera yake, hata umoja wa lazima, kwani Eritrea ilikuwa imekwishapiga kura ya kujitenga Aprili 1993. Lakini kifungu cha 40 kinasema ardhi ni mali ya dola na ya watu wa Ethiopia, na kwamba haiuzwi. Wafadhili wa Magharibi waliishauri serikali mara nyingi iiruhusu ardhi iuzwe, na Meles Zenawi, aliyekuwa kiongozi wa TPLF na waziri mkuu, alikataa hadi alipofariki mwaka 2012, akihofia kwamba mkulima angeuza shamba lake mwaka wa njaa na kurudi kuwa mpangaji. Amri ya Machi 1975 imebaki bila Lenin na bila Derg, na hadi leo Waethiopia wanabishana juu yake, wengine wakiiita ngao ya mkulima, wengine wakiiita kamba ambayo serikali imemfungia.